Nta ya Mlango wa Nyuma

Kwaru, kwaru, kwaru. Nilikuwa bado kitandani, pazia limefungwa, na sikuhitaji kuchungulia ili nijue kinachoendelea uani. Kwanza maji yalimwagwa kwenye ndoo moja, si mbili. Kisha ukafuata mkwaruzo wa upande wa kijani wa sifongo, ule wa kusugulia masufuria, ukizunguka na kuzunguka juu ya rangi ambayo hata haikuwa imelowanishwa. Baba yangu alikuwa anaosha gari.

Wako watu wanaoosha gari kwa kulibembeleza. Baba huliogesha kama mtoto mtukutu aliyekamatwa akitoroka bafu: anamshika shingo, anamsugua masikio, hasikilizi kilio. Na huku kwetu Kinyinya, pembezoni mwa Kigali, hakukosekani cha kusugua. Kila kiwanja kinajengwa, malori ya mchanga yanapita tangu alfajiri, na vumbi letu si lile la kupuliza likaruka. Lina meno. Ukilisugua kavu juu ya rangi ya gari umejipatia msasa wa bure.

Gari lenyewe ni la bluu iliyokoza, karibu nyeusi. Siku nyingine ningevuta shuka na kuliacha liteseke peke yake. Jumamosi ile niliamka, kwa sababu jana yake kilikuwa kimefanyika kikao cha ukoo sebuleni kwetu, na baada ya chupa kadhaa za soda na ubishi mwingi, baba alikuwa amechaguliwa kuwa msemaji.

Nieleze kidogo. Kwetu Rwanda, kwenda kuposa ni mchezo wa maneno. Koo mbili huketi zikitazamana chini ya mahema, na kila upande una mzee mmoja wa kuusemea. Mzee wa wenyeji husema hana binti, au anaye lakini hajasikia kwamba kuna watu wamefika, au amesikia lakini watu wenyewe hawajui. Hutafuta tundu kwa wageni aingize kidole: koti kubwa, kuchelewa, babu aliyewahi kushindwa kesi. Mzee wa wageni, ambaye huitwa umukwe mukuru, lazima ajibu kwa heshima na kwa makali kwa wakati mmoja, mpaka wenyeji wacheke, wachoke, wamtoe binti. Mwishoni hutolewa ng'ombe, kwa sababu hakuna neno zito kwetu lisilokuwa na ng'ombe ndani yake.

Baba hakuwahi kuchaguliwa. Alizaliwa na kukulia Mwanza mjini, mtoto wa mkimbizi aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, na Kinyarwanda chake kina Kiswahili chini yake, kama fulana inayoonekana ndani ya shati jeupe. Ndugu zake waliobaki huku Rwanda hukisikiliza wakitabasamu. Safari hii hapakuwa na jinsi. Bwana harusi alikuwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, na baba mkubwa mwenyewe aliondoka nyumbani mwanawe akiwa na miaka minne, akavuka mpaka, akaanza familia nyingine huko, asirudi wala asitume salamu. Baba ndiye aliyemlea. Na kila mtu kikaoni alijua, ingawa hakuna aliyelisema kwa sauti, kwamba mzee wa upande wa pili akitafuta tundu, atalikuta hapo hapo, kwenye kiti kitupu cha baba wa bwana harusi.

Hilo lilikuwa jambo la ukoo. Jambo langu mimi lilikuwa mlango wa nyuma wa gari, upande wa kulia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tulipoenda mashariki, Nyagatare, kumsalimia mjomba wa baba mwenye ng'ombe wengi. Tulipofika, mzee yule akawaita ng'ombe wake ili mgeni awaone, heshima kubwa. Wakaja taratibu, pembe zao ndefu zikitangulia. Mimi nilikimbilia mbele. Nilipogeuka, baba alikuwa amerudi garini, ameketi kiti cha nyuma, amepandisha vioo vyote juani, jasho linamtiririka, anatazama mbele kama abiria wa ndege. Mjomba wake aligonga kioo. Baba alifungua kidogo, upana wa kidole, akasema anasikiliza taarifa ya habari. Redio ilikuwa imezimwa.

Njiani kurudi alituambia yeye hawaogopi ng'ombe. Ni kwamba wanamtazama, alisema, kana kwamba wamemuuliza swali na wanasubiri.

Tulipofika nyumbani gari lilikuwa limevaa vumbi jekundu kutoka juu hadi chini. Wenzangu wakaingia kula. Mimi nilibaki nje na kidole changu, na juu ya mlango ule aliokuwa amejifungia nikaandika, kwa herufi kubwa na kwa utulivu mwingi: NDANI YUMO MTU ANAYEOGOPA NG'OMBE.

Nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia. Halafu nikasikia viatu vya baba barazani. Nikachukua upindo wa sketi nikafuta, kavu kavu, herufi moja moja, nikizifuata zilivyokwenda ili isibaki hata moja. Nadhani umeshaelewa kosa langu. Kidole kilikuwa kimeuburuta mchanga juu ya vanishi, lile tabaka angavu linaloikinga rangi; sketi ikauburuta mara ya pili. Vumbi liliondoka, maneno yakabaki. Kivulini huyaoni. Lakini jua likiupiga ule mlango kwa ubavu, mikwaruzo yote midogo ya miaka kumi na mitano ya sifongo la baba inaamka na kung'aa kama utando wa buibui, na katikati ya utando, mstari kwa mstari, inaamka sentensi yangu.

Baba hakuwahi kuiona. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Yeye ni mtu wa upande wa kushoto, upande wa usukani. Lakini siku ya posa umukwe mukuru haendeshi. Huketi nyuma, kulia, kama mtu mkubwa, na gari lake hutangulia. Angeshuka kupitia mlango ule ule, mbele ya ukoo mzima wa wenyeji, asubuhi, jua likiwa bado chini. Na mwenye kazi ya kutafuta tundu angekuwa amesimama getini kumpokea.

Nilikuwa na wiki mbili.

Gisimenti, nyuma ya safu ya baa zinazochoma nyama, kuna duka lenye upana wa kitanda linalouza vitu vya kutunzia magari. Mwenye duka ni mama wa makamo, Mwislamu, mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja na bidhaa kutoka pwani akaoa huku. Miaka mingi alikuwa fundi cherehani. Futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni juu ya hijabu, ingawa sasa haipimi chochote. Nililipeleka gari kwake baba akiwa kazini, nikaliegesha mlango ukielekea jua, nikamwita.

Alisimama mbele ya mlango. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Nani aliandika?"

Nikamwambia ni watoto wa jirani.

"Watoto wa jirani wako na mwandiko muzuri," alisema. Kisha akautazama mkono wangu wa kushoto, uliokuwa umeshika taulo niliyokuja nayo. "Lakini yote inalalia nyuma. Ni mutoto wa mukono wa kushoto, huyo."

Nikaihamishia taulo mkono wa kulia. Akapitisha ukucha juu ya herufi, kutoka N hadi E ya mwisho, amefumba macho kama anayesikiliza. Haukukwama popote. Hiyo ilikuwa habari njema, alinieleza. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umefika kwenye rangi yenyewe na hakuna wa kukusaidia ila fundi wa rangi. Huu ulikuwa wa vanishi tu. Kisha akaigusa sehemu nyingine ya mlango, akasikitika, na kuniuliza nani analiosha gari hili na limemkosea nini.

Aliniketisha kwenye kigoda na kunifundisha kwa saa nzima, na nakiri niliyafurahia mafunzo hayo kuliko mihadhara mingi ya fasihi niliyowahi kuhudhuria. Taulo yangu aliitupa sakafuni. Alinipa kitambaa cha nyuzi laini, lakini kwanza alipitisha kidole pembeni mwake na kukata lebo ndogo iliyoshonewa hapo. Watu wanakagua kitambaa, alisema, wanasahau ushono. Uzi wa ushono ndio kisu. Akanifundisha kumwagia maji kuanzia juu ya paa kabla ya kugusa chochote, ili mchanga uondoke wenyewe. Ndoo mbili: moja ya sabuni, ya pili ya kusuuzia kitambaa, ili ulichokitoa kwenye gari usikirudishe. Na mkono uende moja kwa moja, mbele kwenda nyuma.

"Piga kama pasi," alisema. "Usizungushe. Hii haiko ugali."

Kisha akanipa kipande cha udongo laini wa kijivu, kama ule wa watoto wa chekechea, wa kupitisha juu ya rangi iliyolowa ili unase kile ambacho maji yameshindwa kukitoa. Alinivisha glavu nyembamba ya plastiki mkononi, akaniambia niguse boneti kabla na baada. Kabla, ilikuwa kama kidevu cha mwanaume aliyenyoa jana. Baada, ilikuwa kioo. Nikaanza kuelewa kwa nini kuna watu wanaozungumza na magari yao.

Tukafika kwenye nta. Aliweka makopo matatu kwenye meza, akayasogeza moja moja kama anayecheza bao. La kwanza lilikuwa la maji maji, la kutengenezwa kiwandani, linadumu miezi, mvua inalikimbia. Nikalishika. Akanipokonya. Ile, alisema, ni kama miwani: itang'arisha kila kitu, na maandishi yako yatasomeka hadi Rwamagana. Haifichi kitu. La pili halikuwa nta bali dawa ya kusugua, yenye chembe za kukwangua vanishi mpaka usawa wa mkwaruzo. Hiyo ingeyaondoa maneno milele. Lakini vanishi ya mlango ule, kwa miaka yote ya sabuni ya unga na sifongo la masufuria, ilikuwa imebaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ningesugua kidogo zaidi ya inavyotakiwa, na ningepata doa jeupe lenye ukubwa wa sahani.

La tatu lilikuwa krimu nzito yenye rangi ya bluu ndani yake. Inaingia kwenye mikwaruzo na kuijaza, kama poda kwenye uso wa bibi harusi. Hudumu wiki, mbili ukiwa na bahati. Ina adui mmoja.

"Sabuni ya vyombo," alisema. "Ile ya kukata mafuta. Ikigusa, nta inakwenda."

Nikalichukua la tatu. Nilipokuwa naingia garini akaniita, akanisogezea na lile la dawa ya kusugua, kopo dogo. "Kama iko harusi, poda. Harusi ikiisha, tutaongea juu ya kunawa uso."

Jumatano jioni baba huenda mazoezi ya kwaya kwa miguu. Nililiosha gari kwa ndoo mbili, nikapitisha udongo, nikalikausha, nikaipaka krimu kivulini kwa vidole vitatu, kiasi cha punje ya haragwe kwa kila sehemu. Nikasubiri ifanye ukungu. Nikafuta. Nilimulika tochi ya simu kwa ubavu: hakuna kitu. Mlango ulikuwa mweusi, mtulivu, hauna habari na ng'ombe yeyote. Nikadondosha tone la maji. Likasimama duara, likaviringika hadi chini kama gololi. Hiyo ndiyo alama, mama wa duka alisema. Palipo na nta maji hukunja miguu. Pasipo na nta hulala.

Ijumaa, wiki moja kabla ya siku yenyewe, nilirudi nyumbani na kumkuta baba uani na ndoo ya povu lenye harufu ya limau. Sabuni ya vyombo. Nilimuuliza kwa upole kama nguvu za sabuni ile hazikuwa nyingi mno kwa gari. Akasema gari lilikuwa na mafuta mafuta, sijui kutoka wapi, na yeye hawezi kwenda ukweni na gari linaloteleza kama samaki.

Nikamwambia sabuni ile inaondoa nta.

"Nta gani?" akauliza baba.

 Ningesema nta niliyoipaka, angeuliza kwa nini. Nikasema nta kwa ujumla. Alikubali kwamba kwa ujumla lazima iwe inaondoa, na akaendelea. Kwaru, kwaru. Nilitazama maji yakiteremka kwenye mlango wa nyuma. Yalilala chali, yote, kama watalii ufukweni.

Wiki iliyofuata tulifanya vita ambavyo upande mmoja tu, nilidhani, ulijua kwamba ni vita. Jumatatu nilipaka. Jumanne akaosha, kwa sababu lori la kokoto lilikuwa limepita. Jumatano, yeye kwaya, mimi nikapaka. Alhamisi akaosha. Nilificha sabuni ya vyombo chini ya sinki, nyuma ya mtungi wa gesi, akanunua nyingine. Mama, aliyekuwa anapiga pasi shuka jeupe ambalo baba angelivaa begani siku hiyo, aliniuliza tangu lini nimekuwa mtu wa magari. Nikasema ni utafiti wa kitabu, maana kazi yangu ni kuandika. Watu wengi Kigali wameacha kuuliza maswali baada ya jibu hilo.

Kwa upande wake baba alikuwa akijiandaa kwa maneno. Nilimsikia bafuni akijibizana na mtu asiyekuwepo. Alipiga simu nyingi za kumuulizia yule mzee wa upande wa pili: ana umri gani, alifanya kazi gani, anapenda utani upi. Mara moja nilipita mlangoni na kumsikia akimuuliza kaka yangu, "Na Kiswahili je? Anakisoma?" Nilidhani ni adabu tu, anataka kujua atamsalimu vipi. Kaka yangu yeye alikuja kutwa mara mbili, anakaa kwenye ukingo wa kochi, anakunywa maji. Hakuuliza kuhusu baba yake. Aliuliza tu, mara mbili, kama ni lazima wazee wazungumze muda mrefu.

Ijumaa jioni, mkesha wa siku yenyewe, nilipaka tabaka mbili za nta, moja juu ya nyingine, nikiacha ya kwanza ikauke vizuri. Nilimwambia baba gari liko safi na asiliguse. Akaniangalia kwa macho ya mtu mtiifu.

Kwaru, kwaru, kwaru. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niliruka kitandani bila viatu. Nilipofika uani alikuwa anamalizia, amekunja suruali, mvuke unapanda kutoka kwenye ndoo. Alikuwa ameanza na mlango wa nyuma wa kulia, na kwa kadiri nilivyoona, aliishia hapo hapo. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema kulikuwa na kinyesi cha ndege.

Nta ilikuwa imebaki kidogo kwenye kopo, lakini magari mengine yalikuwa yameshaanza kupanga mstari barabarani, na shangazi alikuwa anapiga honi.

Niliendesha hadi Kimihurura kwa mwendo wa jeneza. Baba aliketi nyuma, shuka begani, fimbo ya usemaji kati ya magoti. Mpango wangu wa mwisho ulikuwa kuegesha ubavu wa kulia ukutani. Tulipofika kwenye bustani ya wenyeji, nyumba kubwa juu ya barabara ya mawe, niliona ukuta mzuri, mrefu, wenye kivuli. Nikaanza kukata usukani. Fimbo ikanigusa bega.

"Hapana," alisema baba. "Pale. Wazi, watuone."

Pale palikuwa juani kabisa.

Yule mzee wa wenyeji alikuwa getini kama nilivyomuota: mrefu, kofia mkononi, macho madogo yanayocheka kabla ya mdomo. Alimfungulia baba mlango mwenyewe, wakasalimiana kwa kukumbatiana. Baba akapita. Mzee akausukuma mlango ufunge, akageuka aondoke, akasimama. Akarudi hatua moja. Akainamisha kichwa upande. Midomo yake ikaanza kucheza polepole, kama ya mama wa duka.

Chini ya hema nilikaa safu ya tatu. Kwa nusu saa walirushiana yale ya kawaida. Tulichelewa, hatukuchelewa, saa yao ndiyo iliyowahi. Binti hayupo, mbona harufu ya mafuta yake imetupokea getini. Kisha mzee akasimama tena, akatupia macho kiti kilichokuwa wazi kando ya kaka yangu. Nilimwona kaka yangu akiinamia viatu vyake. Mzee akakiacha kile kiti, akatabasamu, akamgeukia baba.

"Wageni wetu wamekuja na barua," alisema. "Wameiandika mlangoni mwa gari, kwa Kiswahili, ili sisi wa hapa tusiisome. Bahati mbaya mimi nimeendesha malori hadi Isaka, kule Tanzania, miaka ishirini. Barua inasema ndani yumo mtu anayeogopa ng'ombe. Na nyinyi mmekuja kutoa ng'ombe. Swali langu ni dogo, mkwe wangu: mtu huyo ameshuka, au bado yumo ndani?"

Hema zima lililipuka. Shangazi yangu alijifunika uso na mkoba. Mimi nilitafuta njia ya kuwa kiti.

Baba alisimama, akalirekebisha shuka lake, akangoja kicheko kiishe chenyewe.

"Ameshuka, mzee wangu. Ndiye anayesema nawe." Kinyarwanda chake kilikuwa cha Mwanza kabisa, hakukificha. "Ni kweli, ng'ombe namuogopa. Ndiyo maana yeye amekuja na lori lake na mimi na gari langu. Lakini tangu asubuhi ninaogopa wawili: ng'ombe niliyemleta, na binti niliyekuja kumwomba. Anayemuogopa ng'ombe hampigi. Hampitii njia yake. Anapanga maneno yake vizuri kabla ya kumsogelea. Kijana wangu nimemlea hivyo, na ni mimi, si mwingine, niliyemlea. Kama nyumba hii inatafuta mkwe asiyemuogopa binti yenu hata kidogo, basi tumekosea geti, na mlango wangu mmeshausoma, mnajua pa kunirudisha."

 Kisha akina mama wa upande wao, wa kwao kabisa, wakapiga vigelegele.

Mzee alicheka hadi akashika goti. Akasema jibu amelikubali, lakini mdomo si mkono: baba aende amguse ng'ombe, wamuone. Ng'ombe alikuwa amefungwa chini ya mti wa mwisho wa bustani, kahawia, pembe kama mikono ya mtu anayeomba. Baba akaenda. Hatua zake zilifupika kadiri alivyokaribia. Alipobakiza mita moja na nusu akasimama, akainyoosha fimbo, na kwa ncha yake kabisa akaugusa mgongo wa yule mnyama. Ng'ombe akageuza kichwa kumtazama. Baba akaruka nyuma.

Binti alitolewa katikati ya kicheko hicho. Kile kiti kitupu hakikutajwa tena na mtu yeyote.

Tulirudi jioni, mimi na yeye tu, mama akiwa kwenye gari la shangazi. Tulipoanza kupanda kilima cha Kinyinya, baba akajisogeza mbele kule nyuma alikokaa.

"Ile ya jana," alisema, "ulipaka mara mbili?"

Nikamuuliza nini, baba.

"Nta. Ya Jumatano ilitoka kwa sabuni ya vyombo tu. Hii ya jana ilinibidi nichemshe maji."

Karibu niliingize gari mtaroni. Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa anaangalia nje, malori, mabati mapya. Nikamuuliza ameyajua maneno yale tangu lini.

"Tangu siku ile. Nyumba yangu ina mkono wa kushoto mmoja." Akainyoosha miguu. "Yule mzee nilimuulizia sana. Hakosi tundu. Ningekwenda msafi, angelitafuta kwa mtoto, pale kwenye kiti. Nikaona nimuachie langu. Hili nalijua kina chake."

 Niliegesha uani. Nilikumbuka lile kopo dogo kwenye kisanduku cha gari, nikamwambia nina dawa ya kusugua. Kwa uangalifu, polepole, naweza kuifuta ile sentensi sasa.

"Ukiifuta, vanishi inabaki?"

"Kidogo sana."

Alifikiri. "Hakuna nta inayolinda bila kuficha?"

"Ipo. Ya maji maji. Inadumu miezi."

"Basi hiyo," alisema. "Na uninunulie sifongo la maana. Hili la masufuria nilikuwa nalionea haya hata mimi."

Akachukua fimbo yake na shuka lake, akashuka, na nyuma yake akaufunga ule mlango kwa kiganja kizima, juu kabisa ya maandishi.